Watu wa Madirishani

Mtendeni, Tabora
4 Machi 1974

Wewe Masolwa, mpagazi, mjukuu wa mpagazi, mbeba pembe za watu,

Usishangae kuona mwandiko huu. Ni mimi Twalibu, fundi cherehani wa Mtendeni, yule Mzaramo uliyekuwa ukimwita mla nazi mbele ya wakwe zake. Anuani yako nimeipata kwa dada yako Getruda, nilipokutana naye Kitete karibu na hospitali. Hakutaka kunipa. Nilimfuata mpaka kwenye kona nikimtania, hakucheka, mwisho akaniandikia kwenye kipande cha gazeti ili nimwachie njia.

Ni miaka mitano sasa. Nimeona si vizuri watani wakae kimya miaka yote hiyo kama mtu na mama mkwe wake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kauboi. Jumamosi nilipita pale sinema kwa Mzee Mansukh nikakuta matangazo mapya ukutani: picha za Kihindi wiki nzima, halafu picha ya Wachina wanaopigana kwa miguu. Nikamwuliza Saroj, binti yake, pale anapokatia tiketi, kauboi lini? Akasema, "Fundi, kauboi zimekwisha. Mikanda haiji tena, na ile iliyobaki imekatikakatika." Nikaondoka pale nimenyong'onyea, mtu mzima mimi, na ndevu zangu.

Sasa ngoja nikupe maoni yangu, maana nani mwingine atayasikiliza? Picha za siku hizi hazina adabu. Katika kauboi, stelingi aliingia mjini taratibu. Farasi amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Anamfunga farasi, anaingia kilabuni, anaagiza kinywaji, na watu wote wananyamaza. Hakuna aliyekuambia huyu ndiye mtu mwema, lakini ulimjua tangu alipoivua kofia mbele ya yule bibi mwenye duka. Wachina hawa wanaruka tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hujui nani amemkosea nani. Na kuna wapi tena pale katikati ya barabara, jua la saa sita, watu wawili wanatazamana, na sisi wa benchi la mbele tumeshika magoti? Kimya mpaka unasikia mashine yako ya kuonyeshea picha inavyokoroma kule juu.

Unakumbuka siku mkanda ulipokatika pale pale, stelingi mkono uko kwenye bastola? Sote tukageuka, "Masolwaaa! Mnyamwezi umelala!" Nawe ukatoa kichwa kwenye kile kitundu chako ukatutukana mmoja mmoja kwa jina la baba yake, mpaka watu wakasahau picha. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema.

Basi nijibu. Nitukane kama zamani, usibakishe hata neno. Nikipata tusi moja tu kwa mwandiko wako nitajua tuko sawa, na nitalala vizuri.

Mama yangu, Bi Mwanahawa, alifariki mwezi wa Januari. Nilisahau kukuambia hapo juu.

Mtani wako,
Twalibu


Kijiji cha Ujamaa Mwenge,
kupitia Posta ya Kaliua
21 Machi 1974

Ndugu Twalibu,

Salamu. Barua yako ya tarehe 4 Machi nimeipokea. Mimi, mke wangu Marcelina na watoto hatujambo.

Pole sana kwa kufiwa na mama. Mungu amlaze mahali pema.

Hapa kijijini tunaendelea na kilimo cha mahindi na tumbaku. Mvua zimechelewa lakini hatujakata tamaa. Mimi nimepewa kazi ya kutunza mashine ya kusaga.

Kuhusu picha za kauboi, nilikuwa nazionyesha kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nakushukuru kwa maoni yako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Masolwa


Mtendeni, Tabora
2 Aprili 1974

Masolwa,

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta tusi. Nimeigeuza nyuma. Nimechungulia hata ndani ya bahasha. Hakuna. Umeniandikia kama ofisi inavyomwandikia mtu aliyeomba kiwanja.

"Pole sana." Tangu lini Mnyamwezi akampa Mzaramo pole? Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi huingia amejifunga kanga ya marehemu, anauiga mwendo wake, anaiga alivyokuwa akikohoa. Halafu analala mlangoni, jeneza halipiti mpaka apewe jogoo. Wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanatiririka. Ndivyo wazee wetu walivyotuachia, tangu enzi za misafara, waliposindikizana kutoka pwani mpaka huku wakitukanana njia nzima ili mzigo uwe mwepesi. Pole ni ya wapita njia. Wewe unanipa mimi pole!

Haya, tuyaache hayo. Turudi kwenye kauboi, huko hatujawahi kukosana.

Unawakumbuka wale Wahindi Wekundu? Siku moja nilimwuliza Mzee Mansukh kama wale ni jamaa zake. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Fundi, jamaa zangu wana maduka, wale wana farasi. Mimi ningekuwa na farasi ningekuwa bado nipo Tabora?" Benchi zima tulianguka kwa kicheko. Tulivyokuwa tukiwazomea wale watu wa manyoya! Kila mmoja akianguka, makofi. Siku hizi redio inatufundisha habari za wakoloni na wanaonyang'anywa ardhi zao, na mimi nikiwa nakata kitambaa nakumbuka makofi yale, naona haya peke yangu. Lakini tulikuwa hatujui. Muziki ulituambia tushangilie, tukashangilia.

Kitu kimoja tu nilikichukia hata wakati ule, na nitakichukia mpaka nife. Wale watu wa mji. Adui anakuja na genge lake kumwua stelingi, yule yule aliyewatetea, na mji mzima unafunga milango. Mwenye duka anachungulia nyuma ya pazia. Kinyozi anageuza kibao cha mlangoni. Stelingi anatembea barabarani peke yake na wao wako madirishani, macho tu. Nilikuwa nasimama juu ya benchi nikiwapigia kelele, "Tokeni nje, waoga ninyi!" mpaka Saroj anakuja na tochi kunikalisha. Unakumbuka au hukumbuki?

Kama kinachokuzuia ni ile siku ya mkutano uani kwa balozi wa nyumba kumi, Masolwa, wewe mwenyewe ulikuwepo. Ulijua ni utani. Mimi nilijua ni utani. Watu wote walicheka. Yule afisa mgeni ndiye aliyekuwa hajui mambo ya kwetu. Sasa mimi kosa langu liko wapi?

Nangoja tusi.

Mtani wako, upende usipende,
Twalibu


Kijiji cha Ujamaa Mwenge,
kupitia Posta ya Kaliua
5 Mei 1974

Ndugu Twalibu,

Umeniuliza kama nakumbuka. Nakumbuka.

Ninyi mlikuwa mnaiona picha mara moja. Mimi nilikuwa naiona mara sita kwa wiki, kupitia kitundu cha ukubwa wa kisahani, mkono mmoja uko kwenye mashine. Mtu akikiona kitu mara sita kwa wiki hamwangalii tena stelingi. Stelingi hafi, wa nini kumwangalia? Mimi nilikuwa naangalia pembeni.

Kulikuwa na Mhindi Mwekundu mmoja mwenye kovu shavuni. Mkanda wa pili alipigwa risasi akaanguka mtoni. Mkanda wa nne akapigwa tena, akaporomoka mwambani. Mkanda wa sita yumo tena, na kovu lake, anaanguka tena. Mlishangilia mara tatu kifo cha mtu mmoja. Nilikuwa namhurumia. Nilijiambia, huyu naye ni kibarua kama mimi, kazi yake ni kuanguka.

Na ile misafara ya mikokoteni iliyokuwa ikiwapendeza, ikivuka nyika kwenda magharibi. Mnara wa vumbi na muziki. Nyumba yangu hapa iko hatua chache kutoka njia ya zamani ya kwenda Ujiji, ile ile iliyopitia Tabora. Babu yangu aliipita na pembe begani, bila farasi. Wazee wa hapa wanaonyesha mahali ambapo mpagazi akiumwa aliachwa na kibuyu cha maji, wenzake wakaendelea. Kwa hiyo ninyi mkiona mashujaa, mimi nilikuwa naona mizigo, na najiuliza nani ataachwa. Sikuwahi kukuambia hayo kwa sababu tulikuwa hatuongei, tulikuwa tunatukanana tu, na nilipenda iwe hivyo.

Watu wa madirishani nawakumbuka vizuri kuliko wewe. Katika picha moja kulikuwa na fundi wa nguo. Nadhani hukumwona, anaonekana kwa muda mfupi mno. Mtu mdogo mwenye upara, tepu ya kupimia iko shingoni. Stelingi anapita peke yake barabarani, anageuza uso kwenye dirisha la yule fundi. Wanatazamana. Wanafahamiana, maana ndiye aliyemshonea koti mwanzoni mwa picha. Halafu fundi anashusha pazia. Hafanyi haraka. Analishusha taratibu, kwa adabu kabisa. Mara sita kwa wiki nilimwona akilishusha, na kila mara nilidhani leo labda ataliacha. Nilikuwa sijui kwa nini namwangalia sana mtu yule. Baadaye nikajua.

Umeuliza kosa lako liko wapi. Utani wako haukunikosea. Uliposema nikamatwe, mimi mwenyewe nilicheka, nikakujibu. Nilikaa mahabusu siku kumi na tisa. Mzee Mansukh akaniachisha kazi kwa woga, naye simlaumu sana, alikuwa na mengi ya kuogopa. Halafu watu wakahitajika kuja kuanzisha kijiji hiki, na jina langu likawa la kwanza kwenye orodha ya waliojitolea, ingawa sikumbuki kujitolea. Sasa nimezoea. Mashine ya kusaga inakoroma kama ile ya picha.

Yote hayo sikuwahi kuyaweka juu ya utani wako. Naomba ufikirie kilichofuata baada ya kicheko. Kama hukikumbuki, basi hatuna la kuandikiana.

Na tafadhali, usijiite tena mtani wangu kwenye barua. Marcelina ndiye anayezichukua posta, pale stesheni, na kuzifungua, na jina hilo linamwumiza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Masolwa


Mtendeni, Tabora
19 Mei 1974

Ndugu Masolwa,

Nakumbuka. Nilikuwa nakumbuka tangu barua ya kwanza. Kauboi nilizitanguliza mbele ili nijifiche nyuma yake.

Ngoja niandike yote kama yalivyokuwa, ili usije ukasema nimeruka mahali.

Ilikuwa Agosti 1969, uani kwa balozi Mussa, Isevya. Afisa yule alikuwa ametoka mbali, hata wiki hajamaliza Tabora. Alitaka kujua nani anawaharibu vijana kwa suruali za kubana, mikanda mipana na kofia za kukunja pembeni. Akasema fundi yeyote atakayepatikana anazishona, cherehani yake itachukuliwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, tepu shingoni. Dukani kwangu, chini ya meza ya kukatia, kulikuwa na suruali kumi na moja za kauboi, zenye matamvua pembeni kuanzia kiunoni mpaka chini. Hilo sikuwahi kukuambia.

Nikaona bora watu wacheke, wakicheka atatoka kwenye habari za suruali. Nikasimama, nikakunyoshea kidole. "Mheshimiwa, mkamate Mnyamwezi huyu! Ndiye anayewafuga makauboi kule kwenye kijumba chake cha juu! Anawapa uji, ikifika Jumamosi anawafungulia waje watupore!" Ua mzima ukaangua kicheko. Nawe, kama inavyotakiwa, ukasimama ukajibu, "Kweli kabisa mheshimiwa! Na bunduki zao ziko uvunguni mwa kitanda changu, na Mzaramo huyu ndiye mtumwa wangu anayezisafisha!" Watu wakazidi kucheka. Bi Zamda, yule muuza vitumbua, alikuwa anajifuta machozi.

Afisa hakucheka. Alikuwa anaandika. Akainua kichwa akasema, "Umekiri mbele ya mashahidi."

Hapo ndipo kicheko kilipokatika, na hapo ndipo pale unapopasema wewe. Hukumtazama afisa. Ulinitazama mimi. Ulikuwa huwezi kujitetea. Kwetu sisi anayetaniwa hakasiriki wala hajitetei, na ungesema lolote lingekuwa utani mwingine na yeye angeliandika pia. Aliyeanza ndiye anayetakiwa kusema, "Ni utani huu, bwana." Maneno manne. Watu wote walinigeukia, wakanisubiri mimi.

Mdomo nilikuwa nao. Lakini nikaiona meza yangu ya kukatia. Nikawaza, nikiyasema, ataniuliza mimi ni nani, kazi yangu nini, duka langu liko wapi. Nikainama. Nikaivua tepu shingoni nikaanza kuikunja. Naikunja, naikunjua, naikunja tena, kama mtu mwenye kazi ya haraka. Niliposikia wanakutoa nje nilikuwa bado naikunja.

Jioni ile nilichoma suruali kumi. Ya kumi na moja sikuweza. Ilikuwa ya kipimo chako. Nilikuwa naishona nije nikutanie nayo siku ya sikukuu, nikuvalishe mbele ya watu, stelingi wa Unyanyembe. Iko sandukuni mpaka leo.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Siku mlipohama mlipita mbele ya duka langu kwenda stesheni. Nilikuwa ndani. Dirisha la barabarani nilikuwa nimelifunga tangu asubuhi, maana nilijua mtapita. Mama alikuwa amekuja kuniletea uji. Unajua alivyokuwa hapendi duka langu liwe giza. Akasema, "We Twalibu, mbona unakaa gizani? Fungua dirisha uwaage watu." Sikufungua. Akatoka na bakuli lake. Hakuniambia tena neno lolote juu ya jambo hilo mpaka anakufa, lakini tangu siku ile uji akawa anautuma kwa watu.

Alipofariki, Wanyamwezi wa Isevya walikuja wote, hakubaki mtu. Wakakaa kwenye mikeka, wakanipa mkono, wakaniambia pole, wakanywa kahawa. Hakuna aliyejifunga kanga yake. Hakuna aliyelala mlangoni. Jeneza lilipita bila kuzuiwa na mtu, likaenda haraka, kimya, kama la mtu aliyeokotwa njiani. Mama yangu, Masolwa, ambaye alikuwa akitukanana na Wanyamwezi kutoka sokoni mpaka msikitini! Sijawahi kuona aibu kama ile. Kila mtu pale alijua kwa nini, na mimi nilijua kwamba wanajua.

Baada ya barua yako ya mwisho nilikwenda kwa balozi Mussa kuomba nafasi mkutanoni. Jumapili iliyopita nikasimama uani, pale pale. Nikasema yote, na suruali nikazitaja. Bi Zamda peke yake alisema, "Umechelewa miaka mitano. Kaa chini." Nikakaa. Sikuandikii hili ili unisifu. Afisa yule alihamishwa zamani, na kusema leo hakukunigharimu kitu.

Yule fundi wa kwenye picha nilimwona. Nadhani kelele zangu zote juu ya benchi zilikuwa za kumpigia yeye. Nilikuwa hodari sana gizani, tiketi mfukoni.

Lile jina silitumii.

Twalibu


Kijiji cha Ujamaa Mwenge,
kupitia Posta ya Kaliua
16 Juni 1974

Bwana Twalibu,

Mimi ni Marcelina, mke wa Masolwa. Mume wangu hajui kama nakuandikia.

Barua yako niliifungua mimi, nikaisoma pale pale stesheni, nimekaa juu ya gunia. Kisha nikampa. Aliisoma mara moja akaiweka mfukoni, akaenda kwenye mashine yake ya kusaga. Anarudi kula na kulala. Kuhusu barua hasemi kitu, na mimi simwulizi.

Nimeandika kwa sababu ya lile dirisha. Umesema ulikuwa umelifunga. Mimi nilikuwa na godoro kichwani, mtoto mgongoni, na wa pili nimemshika mkono. Mtu mwenye godoro kichwani hawezi kuinua uso, anaona chini na pembeni tu. Nililiona dirisha lako. Halikuwa limefungwa lote. Kulikuwa na upenyo, na kwenye upenyo kulikuwa na kidole chako kimeshika pazia. Nilikijua kwa ile pete ya kushonea. Nilifikiri utatoka uje ushike walau upande mmoja wa godoro. Nilipunguza mwendo kwa ajili hiyo. Masolwa akaniambia twende, treni itatuacha.

Kama ulitaka nikuambie kwamba sikukuona, siwezi.

Bi Mwanahawa alitufuata mpaka stesheni na bakuli la uji. Watoto wakanywa. Hilo labda hukulijua.

Usiandike tena mpaka yeye mwenyewe akuandikie.

Marcelina


Kijiji cha Ujamaa Mwenge,
kupitia Posta ya Kaliua
28 Julai 1974

Wewe Mzaramo, mla nazi, mtumwa wangu niliyekununua kwa nusu kibaba cha chumvi na bado nikapunjwa, mshona matamvua, mkunja tepu,

Kaa chini usome vizuri, maana mwandiko wangu umeharibika kwa unga.

Watu wa hapa, wakisubiri zamu ya kusaga, huwa wananiomba niwasimulie picha. Wamesikia nilikuwa mtu wa sinema. Miaka minne nimekataa. Wiki mbili zilizopita mkanda wa mashine ulikatika, foleni ikawa ndefu, kina mama wamechoka, nikajikuta nimeanza. Nikawasimulia ile ya fundi wa nguo. Nilifanya farasi kwa mdomo, nilifanya milango ya kilabu. Nilipofika pale kwenye pazia, nikanyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Sasa yule fundi mwisho wake ukawaje?" Nikasema picha haikuonyesha, ilimfuata stelingi. Wakakasirika kweli kweli. Wakasema stelingi ana bastola na farasi, ya kwake wanayajua, wao wanataka ya fundi. Kwamba aliishije tena kwenye mji ule, na nani alimpelekea nguo. Mashine ikatengemaa, wakasaga, wakaondoka wananinung'unikia.

Sijui kama nimekusamehe. Nimejipima siku nyingi na sijui. Marcelina anasema yeye bado. Nakuambia ili usije ukajidanganya kwa sababu ya matusi ya hapo juu.

Lakini Bi Mwanahawa hakunikosea kitu. Siku nilipoingia Tabora mara ya kwanza, mshamba, viatu nimevishika mkononi, yeye ndiye aliyenitukana kabla ya mtu mwingine yeyote, akanipa na uji. Azikwe bila Mnyamwezi mlangoni! Niliposoma hayo ndipo nilipoona haya na mimi. Nilikuandikia "pole sana" kwa kalamu hii hii, nikijua ninalolifanya. Nilitaka likuume, na nilimpitisha yeye ili nikufikie wewe. Wale wenzangu wa Isevya nao walimwadhibu marehemu kwa kosa la mwanawe. Hilo ni letu, siyo lako, nasi tutalilipa.

Nakuja na treni, Alhamisi tarehe 15 Agosti. Tayarisha jogoo, awe mnene, usiniletee kifaranga cha Kizaramo. Tayarisha kanga ya mama yako, ile ya zambarau aliyokuwa akijifungia kwenda sokoni, na usiniambie umeigawa. Tayarisha ile suruali ya kumi na moja. Nitaivaa chini ya kanga, matamvua yaonekane. Nimekonda tangu uliponichukua kipimo, kwa hiyo uje na sindano.

Nitatoka stesheni mpaka nyumbani kwenu Isevya nikitembea kama Bi Mwanahawa, mkono kiunoni, mguu wa kushoto unaburuta, nikimgombeza kila ninayekutana naye. Nitalala mlangoni kwako. Watu watakuja, nimeshamwandikia Getruda awaambie. Nitakutukana asubuhi mpaka adhuhuri mbele yao wote, na mengine hayatakuwa utani, wewe mwenyewe utayatambua. Hutajibu na hutajitetea, ndivyo inavyotakiwa. Ila hutainama, na tepu utaiacha nyumbani. Utanitazama.

Tukimaliza tutakwenda Mtendeni. Uwe umetangulia ndani ya duka, na dirisha la barabarani uwe umelifunga. Mimi nitasimama nje na kanga yangu, nitasema kwa sauti yake, na unajua naiweza, "We Twalibu, mbona unakaa gizani? Fungua dirisha."

Marcelina naye anakuja. Amesema atasimama pale pale alipopita na godoro, aone kama litafunguka.

Mpagazi wako,
Masolwa